Usikivu Ukipungua Sikio Moja Tu, Omba Kipimo

Mtu anayepoteza usikivu wa sikio moja polepole, bila maumivu wala usaha, asiridhike na dawa za matone miezi nenda rudi. Kaka yangu, mfanyabiashara wa Kampala, alianza kuhamishia simu sikio la kushoto, na ndani ya taksi alitafuta kiti cha mwisho kulia ili abiria mwenzake awe upande unaosikia. Zahanati ilimtibu uambukizo. Mlio masikioni haukukoma.

Kilichofungua njia ni odiogramu, kipimo rahisi cha usikivu, ambacho kilionyesha kwamba sikio la kulia lilipokea sauti lakini halikutambua maneno ipasavyo. Hapo daktari wa masikio, pua na koo aliagiza MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) yenye dawa ya kuchomwa mshipani, kwa sababu CT (picha za eksirei za tabaka) huweza kuukosa uvimbe mdogo. Jibu likawa shwanoma ya vestibula: uvimbe usio saratani, unaoota kwenye ala ya neva ya nane ya fuvu, inayohusika na usikivu na mizani ya mwili.

Ndugu walipokusanyika, wazo la kwanza lilikuwa kuuza kiwanja ili apelekwe India. Mimi nashauri msiuze kitu kabla ya kujua ukubwa wa uvimbe. Mwingi hukua kwa milimita 1 au 2 kwa mwaka, na mwingine hausogei kabisa, hivyo ulio mdogo mara nyingi hufuatiliwa kwa MRI, kwa kawaida baada ya miezi 6 na kisha kila mwaka. Unaoendelea kukua waweza kupigwa mionzi iliyolengwa, ambayo huuzuia bila kuuondoa. Mkubwa unaokandamiza shina la ubongo huhitaji upasuaji.

Upasuaji ukitajwa, muulizeni daktari hasa kuhusu neva ya saba, iendeshayo misuli ya uso, kwani hupita ubavuni mwa ya nane: je, itafuatiliwa kwa mashine wakati wa kazi? Ikilegea, jicho halifumbiki vizuri, nalo huhitaji matone mchana na marhamu usiku ili konea, utando wa mbele wa jicho, isikauke.

Uvimbe ukiwa pande zote mbili, hasa kwa kijana, ulizeni pia kuhusu NF2, ugonjwa wa kurithi unaootesha uvimbe kwenye neva, maana huenda watoto na ndugu zake nao wakahitaji kupimwa. Na kila mnapotoka kwenye MRI, ombeni CD ya picha zenyewe, kwa kuwa ripoti pekee haimtoshi daktari anayetaka kulinganisha na picha za mwaka uliopita.