Moshi Mweusi Si Lazima Iwe Tabo: Kwa Wenzangu wa Magari ya Dizeli

Juzi kijana mmoja wa Mokowe, kule Lamu, ameniandikia. Ana Prado ya dizeli, anabeba abiria na wageni kati ya Mokowe na Malindi, na sasa gari limemkosesha raha. Akikanyaga mafuta linasitasita, halafu linavuta kwa shida, na nyuma linaacha wingu jeusi. Fundi wake ameshatoa uamuzi: tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, imekufa, anunue nyingine. Kijana anataka nimwelekeze duka la Mombasa linalouza tabo za mtumba kwa bei ya kuelewana.

Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza. Nisikilize.

Mimi pia nina Prado, ile ya injini ya 1KD, lita 3, silinda nne, intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imekaa juu ya injini chini ya lile tundu la boneti. Ndiyo inayonilisha. Naingia nayo Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, kupitia Kakoneni na Langobaya, na wewe unayesoma hapa najua unataka kilekile ninachotaka: gari lilipe karo, lilipe kodi, na kesho liamke tena.

Ugonjwa wake nilianza kuuona Matsangoni. Nalipita lori la chumvi lililotoka Gongoni, nimeshaingia upande wa pili wa barabara, nakanyaga, gari likanyamaza. Halikuzima. Lilikaa tu kana kwamba halikusikia. Kisha likavuta, na nilipotazama kioo lori silioni, moshi mtupu. Kule nyuma wageni wakaacha kuzungumza. Ukiwa umebeba watu wa watu, ukimya ule unakuingia mwilini.

Nikalipeleka gereji moja kubwa ya Mombasa, jina sitalitaja. Wakachomeka kompyuta yao, wakasema nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Zikabadilishwa zote nne, na pesa ya msimu wa wageni ikaishia hapo. Nikatoka, na kabla sijafika Mtwapa moshi ni uleule. Nikageuza. Fundi mkuu hakufungua hata boneti. "Bosi, basi hiyo ni tabo. Leta pesa tuishushe."

Nikamuuliza: zile nozeli za zamani mlizipima kwenye mashine? Kimya. Basi nipeni nizione. Akasema zimeshatupwa. Nikachukua ufunguo wangu. Nikiwa natoka mmoja akawaambia wenzake kwa sauti nisikie, watu wa Malindi mkono mzito. Wallahi neno lile bado linanichoma, kwa sababu nilikuwa nimelipa kila shilingi waliyoitaka.

Asubuhi yake, nyumbani, injini ikiwa imepoa, nikafungua boneti na sikugusa spana. Nilitazama tu. Gari lililotoka Sala hurudi jekundu hadi ndani, vumbi limepaka kila kitu rangi moja. Lakini kwenye mpira unaotoa hewa kwenye intakula kuipeleka kwenye injini, chini ya klipu, upande ambao ukisimama mbele ya gari huuoni, vumbi halikuwa jekundu. Lilikuwa tope jeusi, limeshikana na oili. Nikalifuta kwa kitambaa. Mpira ukaonekana mzima kabisa. Nikaukunja kwa kidole gumba, na hapo ufa ukafunua mdomo, umefuata ukingo wa klipu karibu nusu ya mzunguko wake.

Hapo nikaelewa yote. Injini ikinguruma gari limesimama, tabo haisukumi hewa ya kutosha kuufungua ule ufa, kwa hiyo pale gereji gari lilikuwa zuri. Ukikanyaga ukiwa na mzigo, tabo inasukuma, mpira unavimba, ufa unafunguka na hewa inatoroka. Lakini hewa ile imeshahesabiwa na kipimo kilichoko karibu na ea klina, lile chujio la hewa. Kompyuta inaleta dizeli ya hewa ambayo haikufika. Dizeli isiyopata hewa haiungui yote, inatoka nyeusi. Kusitasita na moshi vilikuwa na mzazi mmoja, na mzazi huyo ni kipande cha mpira.

Kuhakikisha, nikamwita jirani yangu fundi wa pancha aje na kompresa. Tukaziba njia ya hewa upande wa ea klina, tukaingiza hewa kidogo, presha ya pauni 15 na hatukuzidisha, nikamwagia mipira yote maji ya sabuni ya unga. Povu lilichemka mahali pale pale, na kwingine kote kukavu. Nikanunua mpira mpya na klipu za kukaza kwa skrubu. Safari iliyofuata nililipita lori la chumvi kabla ya Gede, kioo kikawa safi, hakuna moshi. Nozeli zile mpya hazikuwa na kazi yoyote ya kufanya kwenye ugonjwa ule, na hakuna aliyenirudishia pesa.

Sasa kwa nini nasema haya kwa urefu? Kwa sababu tunaibiwa kwa kutojua kusoma moshi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo: anza na ea klina, maana vumbi la huku kwetu huijaza upesi, kisha mipira, kisha vali ya EGR inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini na huganda masizi, ndipo uje kwenye nozeli na tabo. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi ni dizeli inayopita bila kuungua, na mweupe wenye harufu tamu, huku maji ya rejeta yakipungua, ni hedi gasketi, ile ya kichwa cha injini, imekufa. Na ukiambiwa mweupe huo ni baridi ya asubuhi tu, kumbuka uko Malindi. Baridi gani hiyo?

Na kama linasitasita bila moshi, acha tabo kwanza, nenda kwenye mafuta. Fungua kile kizibo cha chini ya filta ya dizeli, kinga kwa chupa safi, iache itulie. Maji yatakaa chini utayaona kwa macho. Nyinyi mnaojaza kwa madumu mkiwa safarini, hili ni lenu hasa. Mafuta ya taa pia hayajaisha kuchanganywa na dizeli. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali iliyaongezea tozo ya shilingi 18 kwa lita, yasiwe rahisi kuliko dizeli. Dizeli hulainisha pampu, mafuta ya taa hayaiwezi kazi hiyo, na pampu ya injini hizi ikilika utalia. Baada ya filta ndipo ikaguliwe ile vali ya kwenye pampu, inayopima dizeli inayoingia, maana kwa 1KD ikichoka nayo hufanya gari lisite hivyohivyo.

Usikubali kipande kipya kabla cha zamani hakijapimwa mbele yako. Nozeli zina mashine ya kuzipima. Tabo ina mkono wako: gari likiwa limezimwa na kupoa, toa bomba la hewa, shika ncha ya ile shafti, isukume pembeni na mbele na nyuma. Mchezo mdogo wa pembeni ni wa kawaida. Mapanga ya tabo yakigusa ukuta wake, au shafti ikienda mbele na nyuma waziwazi, hapo fundi wako amesema kweli na mimi sitabishana naye. Na dai kipande chako cha zamani. Umelipa, ni chako, kiwe kibovu au kizima.

Jambo moja halina subira: moshi wa buluu mzito ukikanyaga. Tabo inayomwaga oili upande wa hewa inaweza kuifanya injini ijiendeshe kwa oili yake yenyewe, ufunguo umeutoa na bado inapaa resi. Kwa gari la gia za mkono, tia gia ya juu, kanyaga breki hadi mwisho, achia klachi izime. La otomatiki haliwezekani hivyo, dawa yake ni kuziba njia ya hewa inayoingia kwenye injini, na mkono usiutie pale. Ukiuona moshi huo, egesha, ita gari la kukuvuta.

Kwa hiyo kijana wangu wa Mokowe, kesho gari likipoa toa vifuniko vya juu ya intakula, tafuta vumbi lililolowa oili, kunja kila mpira, hasa chini ya klipu. Ukikuta ufa, pima upana wa mdomo wa mpira wenyewe pande zote mbili kabla hujaagiza, maana ncha moja inaweza kuwa nene kuliko nyingine. Nitumie picha nione.