Bati la 430 kushika sumaku

Ndugu, umeuliza kama bati lako la 430 (aina ya chuma cha pua, yaani kisichoshika kutu kirahisi) ni feki kwa kuwa linashika sumaku, na kama ukilipasha moto na kulizamisha kwenye mafuta litakuwa gumu la kutengenezea visu. Si feki. Lina kromi asilimia 16 hadi 18 na nikeli karibu hakuna. Ndiyo maana sumaku inanasa, na bei ni nafuu kuliko 304, chuma cha pua chenye nikeli. Ila kwa visu usipoteze mkaa: kaboni haizidi asilimia 0.12, kwa hiyo haliwi gumu kwa moto. Tafuta 420, chuma cha pua chenye kaboni zaidi. Hili likunje utengeneze sinki au ubavu wa jiko, mbali na upepo wa bahari, maana chumvi hulitoboa vijishimo. Ukilichomelea, punguza moto sana. Pembeni mwa mshono hupasuka kirahisi.