Anajua wenzake wana mawazo
Dada wa Ujiji, huyo aliyekwambia mwanao mwenye usonji (autism) “hajui kama wenzake wana mawazo” anarudia hitimisho la jaribio la 1985 la wanasaikolojia Baron-Cohen, Leslie na Frith. Mwanasesere Sally anaacha gololi kikapuni na kuondoka, mwanasesere Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Kikapuni, maana hakuona ikihamishwa. Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walikosea. Sawa, lakini wanne walipatia, na hapo ndipo nadharia kwamba wenye usonji hawajui mawazo ya wenzao inapochechemea. Mwaka 2012 mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alisema kutoelewana ni kwa pande mbili: na sisi tusio na usonji hatuwasomi wao. Mwanao akiziba masikio pale mwaloni Kibirizi injini za maboti zikiwaka, wangapi wanamwelewa? Wengi watasema tu hana adabu.