Pikipiki Tabora hadi Kigoma, mvua za Novemba

SWALI: Shikamoo kaka fundi, Novemba nataka kwenda Kigoma na pikipiki yangu, mvua hizi nitafika kweli? Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Utafika ila usilazimishe siku moja, ni zaidi ya kilomita 400, lala Kaliua au Uvinza. Kinachoumiza zaidi ni baridi, ukishalowa kifuani alafu upepo wa spidi unakupiga vidole vinakufa ganzi hata breki huishiki vizuri, kwahiyo koti la mvua livae kabla haijanyesha, na glavu za mpira juu ya zile za kitambaa. Tairi ikiwa kipara badilisha, nakuomba kabisa. Cheni nayo paka oili kila jioni maana mvua inaiosha. Ukikuta maji yamekatiza barabara na chini huoni, simama usubiri yapungue.