Maswali ya Wasomaji: Cartagena, bandari iliyojengwa kumchelewesha adui

Makala yetu ya bandari za kale za Wahispania imeleta barua nyingi kutoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza kuhusu Cartagena ya Kolombia. Tunajibu tano.

Nafundisha historia kidato cha tatu. Kama madini ya fedha ya Potosí, mgodi wa Bolivia ya leo, yalipakiwa melini Portobelo, kule Panama, kwa nini Wahispania walijenga jiji kubwa Cartagena? Wanafunzi wameniuliza, na jibu nililowapa halijawaridhisha. (Mwalimu, Usa River)

Mwalimu, Portobelo lilikuwa gulio tu. Msafara wa meli ulitoka Hispania ukatia nanga kwanza Cartagena, na kutoka hapo habari zikapelekwa Panama na Lima kwamba meli zimefika. Ndipo madini ya fedha yaliposafirishwa kwa bahari kutoka Callao, bandari ya Lima, hadi mji wa Panama, yakabebwa na baghala kuvuka kile kipande chembamba cha nchi mpaka Portobelo. Meli zilikwenda kuyapokea, watu wakauziana kwa wiki chache, kisha kila mwenye uwezo akaondoka, maana Portobelo mvua haikatiki na homa ilikuwa ikiua mabaharia. Wakati wa kurudi walipita Cartagena tena kuziba mbao zinazovuja na kujaza maji na chakula, wakaenda Havana kukutana na meli za Veracruz, bandari ya Meksiko, na safari ya nyumbani ikawa ya pamoja.

Kazi ya namna hiyo inataka ghuba nzuri, na ghuba ndiyo iliyoipa Cartagena ushindi. Pedro de Heredia aliuanzisha mji mwaka 1533 kando ya maji yenye kina, yaliyokingwa na kisiwa cha Tierra Bomba. Milango ya kuingilia ni miwili: Bocagrande, ulio mpana, na Bocachica, ulio mwembamba. Mwaka 1640 meli zilizama Bocagrande, mchanga ukajikusanya juu ya mabaki na mlango ukajifunga wenyewe. Baada ya miaka kama mia hivi bahari ikaufungua. Wahispania hawakutaka kubahatisha tena: kati ya 1771 na 1778 mhandisi Antonio de Arévalo aliuziba kwa ukuta wa mawe chini ya maji. Ukuta huo upo hadi leo, na meli kubwa bado hupita Bocachica. Wanafunzi wachore ghuba kwanza, ngome baadaye. Wakianza na ngome hawataelewa kwa nini kila moja iko ilipo.

Ninaongoza watalii, na wageni wanaoendelea hadi Mombasa huwa nawaingiza Fort Jesus. Mmoja aliyewahi kufika Cartagena alisema kuta za huko na hizi ni ndugu. Alikuwa ananitania? (Sakina, Arusha)

Hakukutania. Kuanzia 1580 hadi 1640 Hispania na Ureno zilikuwa chini ya mfalme mmoja. Fort Jesus ilipojengwa, 1593 hadi 1596, mfalme huyo alikuwa Felipe II, na ramani ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Miaka hiyohiyo Mtaliano mwingine, Battista Antonelli, alikuwa akimpangia mfalme huyohuyo kuta za Cartagena, kwa sababu mwaka 1586 Mwingereza Francis Drake aliuteka mji na hakuondoka mpaka alipolipwa dukati (sarafu za dhahabu) 107,000.

Kanuni yao ilikuwa moja. Mnara wa duara una kasoro: adui akishafika chini kabisa, mlinzi hamwoni mpaka ainame na kujianika. Buruji yenye pembe, inayochomoza nje ya ukuta, huondoa kasoro hiyo, kwa kuwa mzinga uliowekwa ubavuni mwake hupiga sambamba na ukuta hadi kwenye buruji ya pili. Pale Mombasa wapeleke wageni kwenye buruji za upande wa bara, São Filipe na São Alberto, wasimame ubavuni, si kwenye ncha, watazame mguu wa ukuta ulio kati yake. Wakiuona, somo limekwisha. Hata vifaa vinafanana, yaani mawe ya matumbawe na chokaa.

Tofauti ni kwamba Fort Jesus ilikuwa ya kikosi, ilhali ukuta wa Cartagena ulizunguka mji, kama kilomita 11, na haukukamilika mpaka 1796. Upande wa bahari ndio uliosumbua. Mawimbi yalichimba msingi na kuangusha ukuta tena na tena, hadi Arévalo alipotanguliza kizuizi cha mawe cha kuyavunja kabla hayajafika.

Ni kweli Waingereza walikwenda Cartagena mwaka 1741 na meli karibu 200 wakashindwa na watu wachache? Au ni majigambo ya Wahispania? (Muuguzi, Moshi mjini)

Ni kweli. Admirali Edward Vernon alifika mwezi Machi na meli 186, nyingi zikiwa za kubeba askari na mizigo. Mkuu wa ulinzi wa baharini alikuwa Blas de Lezo, mtu wa jicho moja, mguu mmoja na mkono mmoja uliolemaa, na wasimulizi humpenda kwa hayo. Alistahili sifa, lakini sehemu kubwa ya ushindi ni ya mbu, na hapo wewe muuguzi utatuelewa haraka.

Homa ya manjano huenezwa na *Aedes aegypti*, mbu yuleyule wa dengue. Huyu huzaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa. Cartagena haikuwa na mto. Ilikunywa maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye matangi ya chini ya nyumba na ngome, kwa hiyo mji ulimfuga mbu bila kujua. Mwenyeji aliyeugua utotoni akapona alikuwa na kinga ya maisha. Askari aliyetoka Uingereza hakuwa nayo, na siku 3 hadi 6 baada ya kuumwa na mbu alikuwa kitandani.

Kwa hiyo ngome haikulazimika kumshinda adui. Ilitakiwa imle muda. Ngome ya San Luis, penye mlango wa Bocachica, ilishikilia zaidi ya wiki mbili kabla ya kuanguka. Shambulio la kilima cha San Lázaro, penye ngome ya San Felipe, lilikuja tarehe 20 Aprili, wagonjwa wakiwa wamejaa tayari, na likavunjika. Hata ngazi walizobeba zilikuwa fupi. Mvua zikaanza, wagonjwa wakaongezeka, na mwezi Mei Vernon akang'oa nanga. Ugonjwa uliua wengi kuliko mizinga. Uingereza, kwa haraka ya kushangilia, walikuwa wameshatoa medali zinazomwonyesha Lezo amepiga magoti.

Mombasa mambo yalikwenda kinyume: Waomani walipoizingira Fort Jesus, 1696 hadi 1698, maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani.

Tumsifu Yesu Kristo. Somo wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Petro Klaveri. Tunaambiwa alihudumia watumwa Cartagena. Alifanya nini hasa, na watumwa hao walitoka kwetu? (Mwanajumuiya, Kibosho)

Milele, amina. Klaveri, Mjesuiti kutoka Catalonia, alifika mwaka 1610, akapewa upadre hukohuko mwaka 1616, akafa mwaka 1654. Cartagena ilikuwa moja ya bandari chache zilizoruhusiwa kuingiza watumwa katika Amerika ya Kihispania. Meli ikiingia alikwenda na maji, matunda na tumbaku, akaanza na wanaokaribia kufa na watoto wachanga, ndipo wengine. Aliyebatizwa alivishwa medali ya madini ya risasi shingoni.

Mahubiri mara nyingi hayawataji wakalimani. Bila wao Klaveri asingeeleweka, nao walikuwa Waafrika watumwa, mali ya chuo cha Wajesuiti. Mmoja, Andrés Sacabuche wa Angola, alitoa ushahidi katika kesi ya kumtangaza mwenye heri. Klaveri aliwahudumia watumwa. Biashara yenyewe iliendelea.

Wengi walitoka Guinea ya juu (pwani ya Afrika Magharibi), Kongo na Angola. Waliotoroka walijenga vijiji vyenye maboma. Benkos Biohó, kiongozi wao anayejulikana zaidi, alinyongwa mwaka 1621, lakini kijiji cha San Basilio de Palenque, kama kilomita 50 kutoka mjini, kingali hai. Lugha yake ina msingi wa Kihispania na mengi ya Kikongo. Ng'ombe huko huitwa *ngombe*.

Leo bandari hiyo inafanya kazi, au imebaki ya watalii? (Njiro, Arusha)

Inafanya kazi sana. Mji mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1984, lakini ng'ambo ya maji kuna gati za makontena, na mengi huhamishwa tu kutoka meli moja hadi nyingine kwa kuwa Mfereji wa Panama uko karibu. Tatizo lake la zamani halijaisha. Mwaka 1650 ulichimbwa mfereji wa Dique kuunganisha ghuba na mto Magdalena ili mitumbwi ya bara ifike bandarini. Mto ulileta tope pamoja na mizigo. Katika karne ya 19 mfereji ulijaa, na biashara ikahamia Santa Marta na Barranquilla. Ulichimbwa upya baadaye, na sasa tope hilohilo humwagika ghubani na kuchafua maji yanayofika kwenye matumbawe ya visiwa vya Rosario.