Eksaita haifufui rekodi iliyokufa

Ombi ninalolisikia zaidi kutoka kwa watu wanaoniletea rekodi zao ni hili: "Ifanye ing'ae." Mara nyingi mwenyewe ameshapandisha trebo mpaka mwisho wa kitufe na bado sauti imefunga, tena sasa inavuma. Si ajabu. Ikwalaiza hupandisha kile kilichomo tayari. Kama maiki haikunasa chochote cha maana juu ya 8,000 Hz (yaani mitetemo 8,000 kwa sekunde), ukipandisha hapo unapandisha kelele za feni na mchakacho wa maiki.

Eksaita, yaani kifaa au programu ya kung'arisha sauti, inafanya kazi tofauti. Inachukua nakala ya sauti, inaichuja ibaki sehemu ya juu tu, tuseme kuanzia 3,000 Hz, kisha inaikwaruza makusudi ili izae harmoniki, yaani masafa mapya ambayo ni mara mbili, mara tatu ya yale ya mwanzo. Penye 4,000 Hz unapata 8,000 na 12,000. Nakala hiyo inachanganywa na sauti ya asili kwa kiasi kidogo sana. Tusidanganyane basi: unachoongeza ni mkwaruzo uliopimwa, na ndiyo maana kipimo ndicho kila kitu. Kampuni ya Aphex ilipoleta Aural Exciter katikati ya miaka ya 1970, mwanzoni haikuiuza. Iliikodisha, na studio zililipia kwa kila dakika ya kazi iliyokamilika. Siku hizi kuna plagini (programu ndogo za kuongeza ndani ya programu ya kurekodia) za bure za namna hiyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu watu wanaimwaga tu.

Chukua sauti ya mtu aliyehojiwa huku maiki ikiwa imefunikwa na nguo. Vokali zipo, nzito na nzuri, lakini t, k na s zimezama, na msikilizaji analazimika kukisia maneno. Rekodi za namna hii hunifikia sana. Mimi huanza na kupunguza kelele, kwa sababu eksaita haichagui: ikikuta mvumo itauzalia watoto nao. Halafu kompresa, inayobana tofauti za sauti kubwa na ndogo, ili maneno yawe na nguvu inayokaribiana. Hapo ndipo naweka eksaita, ikianzia karibu na 3,500 Hz. Naipandisha mpaka niisikie waziwazi, naishusha taratibu mpaka nisahau kwamba ipo, kisha naizima. Kama nikiizima sauti inarudi nyuma ya pazia, kipimo kimefika. Kama sioni tofauti yoyote, naiondoa kabisa. Plagini isiyo na kazi haina haki ya kukaa kwenye mradi.

Sikiliza s kwa makini. Ukali wake hukaa takriban kati ya 5,000 na 8,000 Hz, palepale eksaita inapomwaga vitu vyake. Neno kama "siasa" likianza kuchoma sikio, usikimbilie kushusha eksaita yote. Tuliza s kwanza kabla sauti haijaingia humo, kisha sikiliza tena.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Ukiwasha eksaita, sauti nzima hupanda kidogo, na sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Tofauti ya desibeli moja tu inatosha kukufanya useme "hii bora" bila kujua umedanganywa na volyumu. Kwa hiyo shusha sauti inayotoka mpaka ilingane na ile isiyo na eksaita, ndipo ulinganishe. Ukifanya hivyo utashangaa ni mara ngapi ile ya asili inashinda. Na usilinganishe ukiwa umechoka. Sikio huzoea ung'aavu haraka sana, na ukiendelea bila kupumzika utakuwa unaongeza tu. Mimi huacha kazi, hurudi baadaye, na karibu kila mara ninaporudi mkono unaenda kupunguza.

Upande wa besi kuna ndugu yake, na huyu namheshimu zaidi. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa 60 Hz, haina umbo la kuisukuma hewa kiasi hicho. Kiongeza besi cha harmoniki hutengeneza 120, 180 na 240, na ubongo unaposikia mfuatano huo hujaza wenyewe ile 60 ambayo haipo. Gitaa la besi lililokuwa limepotea kwenye simu linasikika ghafla. Ila jaribu pia kwenye spika kubwa, kwani huko besi halisi ipo, na nyongeza hiyo inaweza kuleta tope katikati ya muziki.

Mambo mawili ya kiufundi, kwa haraka. Kama plagini yako ina kitufe cha ovasampolingi (kuifanya ipime sauti mara nyingi zaidi kwa sekunde), kiwashe: mradi wa 44,100 Hz, yaani unaopima sauti mara 44,100 kwa sekunde, hauwezi kubeba kitu juu ya 22,050 Hz, na harmoniki zinazovuka hapo hurudi chini zikiwa sauti zisizopatana na wimbo. Pia sikiliza faili la mwisho lenyewe. MP3 ya 128 kbps kwa kawaida hukata karibu na 16,000 Hz, kwa hiyo vumbi la dhahabu ulilonyunyiza juu ya hapo halimfikii mtu.

Na wewe msikilizaji tu, mwenye programu ya kuboresha sauti kwenye simu: huenda simu ina yake, programu ya muziki ina yake, na hedifoni nazo zina yake, zote zikifanya kazi kwa pamoja. Zima zote, kisha washa moja. Ukiongeza besi, shusha kwanza kiwango cha jumla, vinginevyo sauti itapasuka.

Rekodi iliyokwisha kupasuka wakati wa kurekodiwa siigusi kwa eksaita hata kidogo. Ile tayari imejaa harmoniki ambazo hakuna aliyeziomba.