Mkuu, usizime hiyo antivairasi!

Simama hapo hapo mkuu. Umeandika kwamba programu ya mahesabu inagoma kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani, inakwambia MSVCP140.dll (kafaili ka msaada ambako programu inakategemea) haipo, na fundi kakuelekeza uzime Defender, yaani antivairasi ya Windows yenyewe, ushushe hiyo dll mtandaoni pamoja na kraki, kile kiprogramu cha kuvunjia leseni. Nilipofika kwenye "nizime Defender" moyo ukanipiga paa, maana hapo ndipo nilipoumia mimi.

Error yangu ilikuwa hiyo hiyo. Fundi wa mtaani kwetu akasema Defender inasumbua tu, izime, ukimaliza utaiwasha. Nikazima, nikabofya setapu ya kraki, kimya, hakuna kilichofunguka, ila taa ya diski inawaka bila kupumzika na feni inavuma. Nikajua inajiinstoli, nikaenda kuoga. Narudi nakuta picha zote zimegeuka vikaratasi vyeupe, kila faili baada ya .jpg limebandikwa herufi nne za ajabu, na kila folda lina kafaili kanaitwa _readme.txt kananiambia nilipe dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 ni 490. Humo mlikuwa na picha za marehemu mama na madeni ya duka la mke wangu ya miezi 14. Flashi yenye kopi nilikuwa nimeiacha imechomekwa, nayo ikaliwa.

Namrudia fundi, anasema pole kaka, leta 20,000 nikupigie Windows upya. Yaani mtu kanichomea nyumba halafu ananiuzia maji! Kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa ni STOP, wengine wanakiita Djvu, na njia yake kubwa ya kuingilia ni hizo hizo kraki. Emsisoft, kampuni ya antivairasi, walitoa zana ya kufungulia mwaka 2019, nikaijaribu usiku kucha, lakini kwa matoleo mapya inasaidia tu pale kirusi kilipokosa kuwasiliana na seva ya hao wezi kikatumia ufunguo wake wa akiba. Mimi intaneti ilikuwa inawaka, kwa hiyo kiliipata seva. Mpaka leo picha za mama ninazo na hazifunguki.

Na dawa ilikuwa bure jamani!! Hiyo dll haitafutwi peke yake kwenye visaiti vya vichochoroni, inakuja ndani ya Visual C++ Redistributable, kifurushi cha mafaili ya msaada ya programu, iko kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe. Kama Windows yako ni ya biti 64, chukua x64 na x86 zote mbili, maana programu ikiwa ya biti 32 inaitaka ile ya x86. Instoli, ristati, jaribu tena. Defender ikilipigia kelele faili, unafuta faili, huizimi Defender, hata fundi awe mjomba wako.

Ila kabla hujagusa chochote leo, kopi picha zako kwenye flashi, ICHOMOE, weka kabatini. Ukishaichomoa ndio urudi hapa utuambie error inasemaje.